Pipa la Tamu

Mdogo wake, Marko, alimpa Anezina mavuno ya mwaka mmoja tu. Hakuwa mtu mbaya Marko, na yeye mwenyewe alikiri hivyo hata siku alizokuwa akimlaani. Alikuwa tu mtu wa Piraeus, mji wa bandari wa Ugiriki, mzaliwa wa huko, mwenye nyumba ghorofani, mke mpole, na chumba kitupu kilichokuwa kikimsubiri mama yao.

"Sikiliza, dada," alimwambia kwenye simu. "Mama hawezi kupitisha baridi nyingine huko. Daktari hakuna, na meli yenyewe ikinuna haiji. Wewe unataka divai? Haya, fanya divai. Ikitoka, kaeni, nami mdomo wangu nitaufunga. Isipotoka, kabla ya Krismasi tunafunga nyumba na mama anakuja kwangu. Sawa?"

"Sawa," alisema Anezina.

Jambo lenyewe lilikuwa hilo, wala halikuhitaji wakili. Mwenye hoteli mmoja wa kisiwa kikubwa cha jirani alikuwa ameahidi kwamba divai ya Vathonisi, kisiwa chao, ikifufuka, ile yenyewe ya wazee na si maji ya rangi, ataichukua yote kila mwaka. Kwa hiyo riziki ya kumkalisha mtu kisiwani ingekuwapo. Na mama yao, Kalomira, aliyeingia nyumba ile akiwa bibi harusi, alikuwa na ombi moja tu duniani. "Humu mimi nitatoka nimebebwa," alizoea kusema. "Kwa miguu yangu sitoki."

Vathonisi haikuwa imetoa divai tangu babu yake Anezina azikwe. Vijana walikwenda na meli, wengine wakaajiriwa humo humo melini, na waliobaki wakawa wananunua divai ya chupa kama watu wasio na kwao. Lakini mizabibu haiulizi nani kaondoka. Ile ya babu ilikuwa bado hai kule juu kwenye matuta ya mawe, imelala chini, matawi yake yamezungushwa kama vikapu ili upepo wa kiangazi usiing'oe. Anezina aliikuta imemezwa na miiba. Alikuwa amerudi baada ya ndoa kuvunjika na duka alimokuwa akiuza kufungwa, na watu walidhani amekuja kulia mwezi mmoja kisha aende zake. Hakulia, au kama alilia, alilia huko huko mizabibuni. Baridi ya kwanza aling'oa miiba, ya pili akapogoa, na viganja vyake vikawa vya kuonewa huruma.

Mwalimu wake alikuwa Zannis, jirani, baharia mstaafu mwenye mgongo mbovu na ulimi mzima. Mwisho wa Agosti wakachuma zabibu, wakazianika juani mpaka zikasinyaa, kisha wakazitia kwenye birika la kukanyagia nyuma ya nyumba. Zannis aliketi ukingoni, suruali ameikunja magotini, akitoa amri.

"Binti wa Piraeus, unakanyaga kama mtu anayeogopa kumwamsha mumewe."

"Mume wangu hata ningempigia ngoma asingeamka, ami."

"Ndiyo maana ukamwacha. Kanyaga. Kisigino, kisigino, vidole ni vya wacheza dansi."

Mwishowe uvumilivu ukamwishia, akaingia mwenyewe birikani kumwonyesha. Alionyesha vizuri sana, na jioni ile mgongo ukamkaza, akalazwa kitandani kwake kwa siku kadhaa hawezi hata kujigeuza. Laiti mgongo ule ungesubiri siku mbili tu, hadithi hii isingekuwapo.

Maana asubuhi iliyofuata Anezina alibaki peke yake na birika limejaa, na pipa la babu likawa linavuja. Alikuwa amelijaza maji wiki nzima ili mbao zivimbe na kuzibana nyufa, lakini lilikuwa limekaa kavu miaka mingi mno. Kila alipoziba hapa, palitokwa machozi pale. Maji ya zabibu hayangoji mtu. Yalikwisha anza kutoa povu, na jua lilikuwa linapanda.

Akashuka tena ghalani na taa, na nyuma kabisa, chini ya magunia, akaona pipa la pili. Dogo kidogo kuliko la mbele, lakini zima. Alimimina maji, halikutoa hata tone. Akalisugua kwa maji ya moto na majani ya shamari mpaka ghala zima likanukia shamari, kisha akaita. Mama yake alikuwa amesimama juu mlangoni, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamekwisha kukosana na ngazi zile, na macho yake yalikuwa na ukungu asingeweza kuona chini.

"Mama. Na hili pipa la nyuma?"

"Lipi?"

"Lililofunikwa magunia. Zima kabisa."

"Ah, hilo," alisema Kalomira. "Hilo ni la tamu, hilo."

"La tamu?"

"La tamu, mwanangu, tangu enzi za babu yako." Akageuka akaenda kulisha kuku, ameridhika kwamba kisemwacho kimesemwa.

Sasa, Vathonisi kuna neno moja ambalo halitamkwi mahali divai inapochemka. Neno hilo ni siki. Halitamkwi ghalani, halitamkwi uani, tangu siku ya kukanyaga zabibu hadi siku ya kufungua pipa, kwa sababu divai ina masikio, na ikisikia jina la ndugu yake mbaya itamfuata. Kwa hiyo siki huitwa tamu. Mpe mtu kabeji kisiwani hapa msimu huo atakuambia, nitilie tamu kidogo. Mtoto hufundishwa hayo akifika miaka saba, siku anayotumwa ghalani kwa mara ya kwanza, na huwa anafundishwa kwa kofi dogo la shavuni ili asisahau. Anezina alipandishwa meli ana miaka sita, baba yake alipopata kazi kwenye karakana za meli huko Piraeus. Siku za likizo alizorudi zilikuwa za kuogelea, na wazazi wake waliporudi kisiwani uzeeni yeye alibaki mjini.

Kalomira hakuwaza hata kidogo kwamba mwanawe halijui neno hilo. Nani humwelezea mwanawe kwamba maji yanaitwa maji? Na pipa lile lilikuwa zima kwa sababu hiyo hiyo: yeye mwenyewe alikuwa akitunza siki humo mpaka juzi juzi, magoti yalipomkatalia kushuka.

Anezina alisikia alichokisikia. Alisikia pipa la divai tamu, ile ambayo, kwa maneno ya baba yake, babu alikuwa akimpelekea askofu na askofu akituma mtu kuomba nyingine. Alibusu mbao za pipa lile, mpumbavu maskini, akamimina humo jasho lake la miaka miwili lote.

Kulikuwa na desturi nyingine, na hiyo aliijua, kwa kuwa Zannis alimfundisha kwa ukali. Divai ikishatulia, kizibo hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, na hakifunguliwi mpaka sikukuu ya Mtakatifu Georgi ya mwanzo wa Novemba, ile ambayo watu kwa utani wanamwita Georgi Mlevi. Kabla ya hapo haonji mtu, na hashuki ghalani ila mwenye nyumba. Anezina alishika amri hiyo kama mtawa. Kila siku alishuka, akaweka sikio kwenye mbao, akasikiliza ile sauti ndogo ya kuchemka ikipungua, akapanda na uso umemng'aa.

"Lile la mbele lilizibika?" Zannis alimuuliza siku alipoweza kutembea tena, na fimbo.

"Usiwe na wasiwasi, ami, nimepata pipa la maana. Siku ya sikukuu utaniombea radhi kwa matusi yote."

"Mimi sijakutukana, nimekulea," alisema Zannis, na hakuuliza tena, kwa sababu mwenye nyumba hahojiwi juu ya ghala lake.

Wiki zile zilikuwa nzuri, na ndiyo sababu zinauma kuzisimulia. Kalomira alianza kuimba akisuka vitunguu. Zannis alikwenda kutazama matuta yake mwenyewe aliyoyatelekeza tangu alipoingia baharini, akarudi anasema udongo ungali na uhai, mtu angeweza kulaza humo matawi mawili matatu ya mizabibu ya Anezina mwezi wa pili yaote mizizi. Hata Marko sauti yake ilibadilika kwenye simu. Alisema atakuja mwenyewe siku ya kufungua, na kwamba mkewe ameuliza kama watoto wanaweza kuja huko Pasaka. Mwenye hoteli naye aliomba apelekewe chupa ya kwanza. Anezina alimwambia mama yake, "Mama, hutoki humu."

"Nilishasema," alijibu Kalomira.

Sikukuu ikafika na upepo wa kusini, bahari imetulia, na padri akaletwa na mashua. Baada ya ibada watu wote wa kisiwa, nao si wengi, walikuja nyumbani. Marko alimbeba mama yake mgongoni akamshusha ghalani, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akamketisha juu ya kasha. Padri alibariki, Anezina akavunja udongo kwa nyundo ndogo. Akajaza jagi kwenye bomba la pipa, na glasi ya kwanza, kama ilivyo haki, akampa mwanamume mzee kuliko wote.

Zannis aliinua glasi. Ilipofika chini ya pua, mkono ukasimama. Alimtazama Anezina, kisha akagusisha midomo kwa adabu, kama mtu anayebusu paji la maiti.

"Tamu," alisema kwa sauti ya chini.

Glasi ikaenda kwa Maruso, mwenye mkahawa wa bandarini, mwanamke ambaye hajawahi kukosa la kusema. Naye akaonja kidogo tu. "Tamu," alisema, akaitazama sakafu. Padri naye akasema, "Tamu, mwanangu, pole," na lile pole Anezina hakulisikia, kwa sababu alikuwa amekwisha kumgeukia ndugu yake na machozi ya furaha yanamtoka.

"Umesikia, Marko? Tamu. Kama ya babu. Chukua, kunywa, usionje kama kuku."

Kwenye kasha lake Kalomira alikuwa ameacha kupepesa macho. Marko akachukua glasi, akapiga funda kubwa la mtu wa mjini, na papo hapo akalitema sakafuni.

"Siki hii," alisema akifuta mdomo. "Dada, mmenipa siki."

Wanawake wazee walijifanyia ishara ya msalaba. Katika ghala lile neno hilo halikuwa limetamkwa na mtu kwa vizazi vyote ambavyo watu wanavikumbuka, na sasa hata kulizuia kulikuwa hakuna maana. Anezina alimnyang'anya glasi akanywa iliyobaki. Ilimchoma koo. Akajaza nyingine moja kwa moja kutoka kwenye bomba, akanywa, akatazama nyuso za watu moja baada ya nyingine, na kwenye nyuso hizo akaelewa kwamba walikuwa wakimwambia ukweli tangu mwanzo.

"Umetia pipa lipi?" aliuliza mama yake.

"La nyuma. La tamu. Si ulisema la tamu, mama?"

"Nilikuambia la tamu."

"Ndiyo. Uliniambia."

"Nilikuambia, mwanangu," alisema tena Kalomira, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyempa mtoto mkono akagundua kwamba mkono haukushikwa. Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema watu, na husema kwa kejeli. Siku ile hakuna aliyekuwa na kejeli.

Watu walipanda ngazi mmoja mmoja. Zannis alibaki nyuma.

"Ami, hakuna dawa?" Anezina alimuuliza. "Kuchemsha, kuchanganya, chochote. Wazee walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanalia," alisema Zannis. "La kuvunda halina ubani, binti yangu. Ingekuwa ni mgongo wangu ningekupa, lakini nao umevunda." Akampapasa kichwani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na hilo likamuumiza Anezina kuliko tusi lolote.

Marko hakusema nilikuambia. Angesema, Anezina angepata pa kugombania. Usiku huo aliosha vyombo, akampa mama yake dawa ya macho, na asubuhi ndipo akazungumza, kwa upole.

"Mwaka mmoja, Marko," Anezina alimwahi. "Mmoja tu. Mizabibu ipo, kosa nimelijua, nitanunua pipa jipya."

"Mizabibu ipo, sikatai. Mama ana miaka mingapi ya kukukopesha?"

Mwenye hoteli, alipopigiwa, alisema pole kwa uungwana, akaongeza kwamba kuna watu wengine wameanza kutengeneza divai kisiwa kingine, na hoteli haiwezi kukaa bila divai. Basi.

Siku zilizofuata majirani walikuja na chupa. Hawakuja kwa ubaya. Kitu kizuri hakimwagwi, na ilikuwa siki nzuri kweli, yenye rangi ya kahawia na harufu ya matunda. Maruso alisema tangu amezaliwa hajatia kwenye pweza wake kitu kama kile. Anezina alisimama bombani akamjazia kila mmoja, na kila mmoja akamwambia ahsante, na kila ahsante akaimeza. Pipa likashuka mpaka likaisha, na hata tope la chini mtu mmoja akaomba apeleke kwa ajili ya kuanzishia la kwake.

Kalomira ndiye aliyeamua, hakumwachia Marko wala Anezina. Mtu akipita mlangoni alimwita. "Nakwenda Piraeus," alimwambia. "Magoti. Haya magoti yananitaka mjini. Divai? Divai haina neno, divai hata ingetoka ningekwenda tu." Alisema hivyo kwa Maruso, kwa padri, kwa Zannis, alimwambia hata baharia wa meli aliyepokea mizigo. Anezina alikuwa amesimama kando yake na alimwacha aseme. Ilikuwa zawadi, na hakuwa na nguvu ya kuikataa.

Kalomira alitoka kwenye nyumba yake kwa miguu yake mwenyewe, ameshikilia ukuta.

Mwezi wa kwanza, wakati ambapo mizabibu hupogolewa, wanawake hao wawili walikuwa jikoni kwa Marko. Dirisha lilitazama ukuta wa jengo la pili. Kalomira alikuwa anachambua dengu kwa kupapasa, punje moja moja, na simu ilipolia na kuwa ni Zannis, aliipokea kwa kelele.

"Zannis? Umepogoa? Nasema, umepogoa? Sikusikii, unaongea ndani ya kofia? Ngoja." Akanyoosha simu kwa Anezina. "Mzee huyu anazidi kuwa kiziwi. Hebu sikiliza anasemaje."

Anezina akaweka simu sikioni. Zannis alikuwa anaendelea, hajui kwamba aliyemsikiliza amebadilika.

"...lakini usimwambie binti, Kalomira, nakuomba. Mvua imeangusha ukuta wa juu, na mbuzi wakaingia. Wamekula mpaka mashina, wamechimba hata chini. Nimepanda leo na mkasi wangu, sikuona cha kukata. Nimekaa tu pale juu ya jiwe. Ningejenga ukuta, lakini kwa mgongo gani? Asijue huyo. Atajibebesha na hili. Unanisikia, Kalomira?"

Anezina hakuweza kujibu, maana angejulikana kwa sauti. Alikohoa kidogo, kikohozi cha kizee.

"Haya, afadhali," alisema Zannis. "Kaa salama, mama." Akakata.

Anezina aliiweka simu mezani taratibu, kifudifudi.

"Anasemaje?" aliuliza mama yake.

"Amepogoa."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Kila tawi ameacha macho mangapi ya kuchipua?"

"Mawili."

"Afadhali. Zannis ana tamaa, huwa anaacha matatu." Kalomira aliridhika, akazikusanya dengu kwa kiganja. "Basi mwaka huu itazaa. Mwambie Marko mapema atutafutie tiketi za Agosti, zabibu tusiwaachie ndege."

"Nitamwambia," alisema Anezina. Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akamsaidia kuchambua.